Kabalagala za nyumbani: ndizi mbivu, unga wa muhogo, bila tone la maji

Ukivuka mpaka wa Mutukula kutoka Bukoba kuelekea Masaka, kila basi linaposimama madirisha hujaa mikono ya wauzaji. Huyu ana mahindi ya kuchoma, yule karanga, na hakosi mmoja mwenye ndoo ya vitu vya duara, kahawia iliyokolea, vinavyong'aa mafuta. Hizo ndizo kabalagala. Nje zina kigozi kinachokatika kwa jino, ndani ni laini na zinanata kidogo, na utamu wake wote umetoka kwenye ndizi. Uganda nzima mtoto wa shule anazijua. Hata kitongoji kimoja cha Kampala kinaitwa Kabalagala.

Mimi nilizijulia Bukoba, kwa jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa Masaka. Siku niliyojaribu mwenyewe kwa mara ya kwanza, niliponda ndizi, nikatia unga, nikaona unga haushikani, nikamimina maji nusu kikombe. Donge likageuka uji. Nikaongeza unga, likawa gumu. Nikaongeza maji tena. Mwisho nilikaanga vitu ambavyo hata mbwa alivinusa akaviacha. Nilikwenda kumwamkia yule mama na kumweleza. Akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, maji ya nini tena? Ndizi ina maji yake."

Mwongozo wote huu unasimama juu ya neno hilo. Kabalagala hazina maji, hazina sukari, hazina mayai wala maziwa. Kila kinachohitajika kulainisha na kutamisha kimo ndani ya ndizi, ilimradi umeiacha ikaiva inavyopaswa. Wengi wanaoshindwa, wameshindwa kabla hawajawasha jiko.

Nieleze pia kisichokuwa kabalagala. Pwani tunachukua mzuzu ulioiva, tunaukata vipande vya mshazari na kuukaanga hivyo hivyo, na wapo wanaochovya ndizi kwenye rojo la unga wa ngano kabla ya kuitia mafutani. Ni vizuri vyote, ila hapa tunaponda ndizi na kuzikanda na unga mpaka ziwe donge la kusukumwa kama chapati. Ni kazi nyingine kabisa.

Ndizi

Ndizi inayotumiwa Uganda ni ile ndogo yenye ganda jembamba, wenyewe wanaiita ndiizi au sukari ndizi. Tanzania ukiuliza kisukari utapewa, na Rwanda inaitwa kamaramasenge. Ina harufu kali ya utamu na uchachu wa mbali, na huo uchachu ndio unaofanya kabalagala isikinaishe. Kimalindi, au ile kubwa ambayo Waganda wanaiita bogoya, inafaa ukikosa kisukari, lakini ina maji mengi zaidi na harufu yake hafifu. Itakula unga mwingi na utamu utapungua. Mzuzu na matoke usijaribu.

Sasa kuiva. Ndizi mbichi, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa nyama yake ni wanga. Kadiri inavyoiva wanga huo unageuka sukari, na nyama inalegea na kuachia maji. Ndizi ya njano safi, ile ya kupendeza mezani, bado haijamaliza safari hiyo. Ukiiponda inabaki na punje punje na haitoi majimaji ya kutosha kushika unga. Unachotaka ni ndizi ambayo ganda limejaa madoa meusi, nusu au zaidi, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea bila kurudi. Ukiimenya, nyama imegeuka rangi kuelekea asali, haina mstari mweupe mgumu katikati, na vidole vinabaki vinanata. Hiyo ndiyo siku yake. Mara nyingi ni siku 2 au 3 baada ya siku ambayo ungeila.

Ikizidi hapo, nusa. Harufu ya pombe, povu dogo karibu na kikonyo, au ukungu, itupe. Ganda jeusi peke yake si kosa.

Ukiwa na haraka, funga ndizi ndani ya mfuko wa karatasi au zifunike kwa majani makavu ya mgomba, pamoja na tunda jingine lililokwisha kuiva. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoharakisha mengine, na mfuko unaizuia isitawanyike. Usizitie kwenye friji kwa matumaini ya kuziivisha: baridi hulifanya ganda kuwa jeusi huku ndani kukibaki kulekule, na weusi huo umewadanganya wengi. Zikiwa tayari nawe huna nafasi, hapo zimenye uzigandishe. Zikiyeyuka zitaacha maji mengi bakulini. Usiyamwage, ni sehemu ya ndizi.

Niseme na hili. Migomba ya kisukari ni miongoni mwa ile inayoshambuliwa vikali na mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni, ugonjwa ambao migomba ya matoke inauhimili. Yapo mashamba yaliyobaki bila shina moja la kisukari. Kwa hiyo mkungu ukiiva wote kwa pamoja nyumbani, na majirani wameshapewa hadi wamechoka, usitupe zile nyeusi za mwisho. Ndizo hasa kabalagala inazozingoja.

Unga wa muhogo

Tafuta unga mweupe, mkavu, laini, usio na harufu. Unga wa makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyokaushwa vizuri juani, unafaa sana. Udaga, ule wa muhogo uliovundikwa ambao kule Kanda ya Ziwa tunausongea ugali, unashika vizuri lakini unaleta uchachu na harufu inayoifunika ndizi. Mimi siutumii hapa. Unga wowote uliochukua, uchekeche mara 2, kwa sababu nyuzi za muhogo zinapasua donge wakati wa kusukuma.

Hapa naomba usome taratibu. Muhogo mchungu usiposindikwa ipasavyo hubaki na sumu ya sianidi. Mwezi Septemba 2017, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula chakula cha unga wa muhogo uliokuwa na sumu hiyo. Nunua unga kwa mtu unayejua anatoa wapi muhogo wake na anauandaaje. Ukihisi unga ni mchungu ulimini, usiutumie, na usidhani kukaanga kutausafisha.

Walioko Muscat, Dubai, London au Toronto wataupata kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika. Angalieni msichukue wanga wa tapioka mkidhani ni kitu kimoja. Ule ni wanga mtupu uliokamuliwa, na donge lake litavutika kama mpira. Kwa ndizi, chukueni zile ndogo zinazotoka Ecuador au Colombia, mziache ziive mpaka muuzaji angeziondoa kwenye rafu.

Vipimo

Kwa kabalagala 30 hivi za ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa:

- ndizi kisukari 12 mpaka 14, yaani kama gramu 500 zikishamenywa
- unga wa muhogo vikombe 3 (karibu gramu 350 hadi 400), na mwingine kidogo wa kunyunyizia kibao
- chumvi, ncha ya kijiko cha chai
- pilipili ya unga, robo kijiko cha chai, ukipenda
- mafuta ya kupikia, lita 1

Pilipili wapo wanaoiacha. Mimi siachi, maana haiji kuwasha. Inakuja nyuma ya utamu, kooni, na ghafla unatamani nyingine. Bekingi poda sitii. Inazivimbisha na kuzifanya zinywe mafuta, zikawa jamaa wa andazi.

Kipimo cha unga ni cha kuanzia tu. Ndizi hazifanani maji, hata za mkungu mmoja. Anayekupa gramu kamili bila kuziona ndizi zako anakubahatishia.

Kuponda na kukanda

Menya ndizi kwenye bakuli pana na uponde kwa mkono. Mashine ya kusagia inajaza hewa, na mara nyingi ikikwama mtu anashawishika kuongeza maji, tukarudi kulekule. Mkono unasikia punje ambayo jicho halioni. Kamua ndizi zikipita katikati ya vidole, kusanya, kamua tena, kama wanavyofanya wakamuaji wa juisi ya ndizi, isipokuwa hapa hutumii nyasi. Dakika 5 za kwanza utaona ubishi wa mabonge. Endelea. Ghafla mchanganyiko unabadilika, unakuwa mzito na laini kama uji wa lishe, unang'aa, na ukiinua mkono unateremka taratibu kwenye vidole kwa uzi mmoja. Umefika. Tia chumvi na pilipili, koroga.

Sasa unga, kwa awamu. Kikombe cha kwanza kitamezwa mara moja, kama hukutia kitu. Cha pili kinaleta kazi: donge linanata kila mahali, mikononi, kwenye bakuli, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Watu wengi wanaogopa hapa, wanamwaga unga wote uliobaki. Vuta subira. Muhogo hauna ile nguvu ya kuvutana ya ngano, hivyo hauhitaji kupigwa kama chapati, bali unahitaji muda wa kunywa maji ya ndizi. Kanda kwa kiganja, kunja, bonyeza, huku ukiongeza kikombe cha tatu kijiko baada ya kijiko. Kingo za bakuli zikianza kujisafisha zenyewe, acha kuongeza, hata kama donge bado linanata kidogo. Lifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, dakika 20.

Mapumziko hayo ndiyo yanayoamua. Ukirudi utakuta lile lililonata limekaza lenyewe. Kama ungeongeza unga mpaka liache kunata kabla ya kupumzika, sasa lingekuwa tofali.

Kipimo cha mwisho: finyanga kidonge cha ukubwa wa limau, kiweke kiganjani, kibonyeze kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka nyufa ndogo kama nyuzi, sawa. Kidole kikitoka na donge, ongeza kijiko kimoja cha unga. Nyufa zikiwa pana na kidonge kinataka kugawanyika, limekauka. Ponda nusu ndizi nyingine uikandie ndani. Si maji. Kwa ajili hiyo bakiza ndizi moja au mbili pembeni mpaka mwisho.

Kusukuma na kukata

Nyunyiza unga wa muhogo kwenye kibao cha chapati na kwenye kifimbo. Chukua donge nusu nusu, lingine libaki limefunikwa. Sukuma kwa mkono mwepesi, kutoka katikati kwenda nje, mpaka unene uwe kama upana wa kidole kidogo, chini kidogo ya sentimita 1. Nyembamba kuliko hapo zitakuwa biskuti ngumu, na nene zitaungua nje kabla katikati hakujaiva.

Kata kwa gilasi au kikombe chenye mdomo wa sentimita 5 au 6, ukichovya mdomo wake kwenye unga kila baada ya mkato. Bonyeza wima, inua, na unyanyue duara kwa kisu kipana. Mabaki yakusanye, yakande upya pamoja, sukuma tena. Kwa kuwa ni muhogo hayatakaza kama ya ngano. Zipange kwenye sinia lililonyunyizwa unga zisigusane. Huna kifimbo? Finyanga vidonge uvibapishe kwa viganja. Zitatoka na kingo zisizo sawa, na ladha ni ileile.

Ukishakata zote pangusa unga uliozidi juu yake. Unga huo hudondoka kwenye mafuta, ukaungua, na kuzichafua za mikupuo inayofuata kwa vidoa vichungu.

Kukaanga

Karai au sufuria nzito, mafuta yafike kina cha vidole 3. Moto ni wa wastani, na hapa sitanii: ndizi imejaa sukari, na sukari huungua upesi. Mafuta yanayofaa bajia au samaki ni makali mno kwa kabalagala. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi. Asiye nacho adondoshe kipande cha donge chenye ukubwa wa punje ya harage. Kinatakiwa kitue chini, kikae kidogo, kisha kiibuke juu taratibu kikizungukwa na mapovu madogo. Kikiruka juu papo hapo na kubadilika rangi kabla hujahesabu 10, epua karai, subiri.

Kwa jiko la mkaa, usianze makaa yakiwa mekundu tupu. Ngoja yavae majivu, au yafunike kidogo kwa majivu upande mmoja. Gesi ni rahisi zaidi, ila usiondoke. Mafuta yakishika moto zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko, maji yasikaribie.

Tia 6 au 7 kwa mkupuo, ukiziteleza kutoka ukingoni. Usizikoroge dakika ya kwanza, bado ni laini na kijiko kitazichana. Zitazama, halafu zitaibuka moja moja. Zikishaibuka zigeuze kwa kijiko cha matundu, na uendelee kuzigeuza. Kwa jumla ni dakika 4 hadi 6. Rangi inapita njano, inafika ya dhahabu, inaingia kahawia. Ziopoe zikiwa zimekaribia rangi unayoitaka, kwa maana zinaendelea kukolea nje ya mafuta kwa dakika nzima.

Ile ya kwanza kabisa ivunje. Ndani kunatakiwa kuwe na rangi moja, kahawia hafifu inayong'aa kidogo, bila mstari mweupe wa unga mkavu. Ukiuona huo mstari, punguza moto na uzipe dakika moja zaidi. Ni bora kupoteza moja kuliko kugundua baada ya 30.

Zichuje kwenye chujio, zimesimama kwa ubavu, zisirundikwe zikiwa moto kwa sababu mvuke utalegeza kigozi chote ulichokihangaikia. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye chakula.

Zikikukatalia

Zikinywa mafuta, moto ulikuwa mdogo au umejaza karai. Mkupuo mmoja wa 15 unashusha joto la mafuta mara moja, na kabalagala zinakaa humo zikilowa badala ya kuiva.

Zikimomonyoka mafutani, donge lilikuwa kavu au ndizi hazikuiva. Rudi kwenye donge lililobaki, ongeza ndizi iliyopondwa, lipumzishe tena. Yanaokoleka.

Zikiwa ngumu kama mawe, unga umezidi. Hizo hazina dawa, uzile zikiwa moto na chai. Na kama ni nyeusi nje, mbichi ndani, lawama yote ni ya moto.

Kuna swali naulizwa kila mara: unga wa ngano je? Unaweza, lakini utapata andazi la ndizi, la kuvimba na laini kama mkate. Ni zuri, watoto watalipenda, ila ule mnato wa ndani unaoutafuna polepole unatoka kwenye muhogo tu. Mwenye muhogo kidogo na achanganye robo ya ngano, hapo bado utaitambua.

Kuzila na kuziweka

Zikiwa moto kigozi kinasikika na ndani kunanata sana, kwa hiyo wape watoto zikiwa zimepoa kidogo, sukari ya moto inashika ulimi. Mwenyewe nazipenda saa mbili baada ya kukaangwa, na chai ya rangi isiyo na sukari.

Za kuweka, ziache zipoe kabisa ndipo uzitie kwenye chombo chenye mfuniko. Zikifunikwa na joto zitatoa jasho na kuota ukungu. Siku 2 hadi 3 zinakaa vizuri nje ya friji, na siku ya pili kigozi kinalegea, utamu unatulia. Kwenye friji zinakaza; zirudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja kila upande.

Donge bichi usililaze. Linachacha usiku kucha na asubuhi limekuwa jeusi na lina harufu ya pombe. Kama umechoka, kaanga zote zifike rangi ya njano tu, uziopoe, na kesho umalizie kuzikoleza kwenye mafuta. Wauzaji wanaoamka alfajiri wanalijua hilo, nami nililichukua kwa yule mama wa Masaka, aliyekuwa akikoleza za watoto wake saa kumi na mbili asubuhi huku wao wakivaa soksi.